Salamu Zisizodai Jibu

Simu ya moja kwa moja humpa mgonjwa kazi. Inabidi apokee, aitikie salamu, aseme anaendelea vizuri hata kama hakupata usingizi, kisha atuvumilie sisi wa mbali tunaouliza leo yale yale tuliyouliza jana. Shangazi yangu, mtu wa Ngamiani, Tanga, aliugua saratani ya umio. Maradhi hayo huanza kwa tonge kukwama kifuani. Baadaye hata maji hupita kwa shida, na kwa wengine uvimbe hubana mshipa wa fahamu unaoendesha sauti. Kwake ilikuwa hivyo. Mwanamke ambaye akiita mtoto alisikika nyumba ya tatu akabaki na mkwaruzo tu. Nikimpigia kutoka Leeds, Uingereza, nilichosikia ni pumzi na feni ya dari, na kila mara nilijua kwamba anahangaika kunijibu kwa sababu adabu haimruhusu kunyamaza anaposalimiwa.

Ndipo tukaanza kumrekodia video.

Si jambo geni kama linavyodhaniwa. Baada ya Mapinduzi ya 1964, jamaa wengi waliotawanyika kati ya Unguja na Omani walikuja kupelekeana kanda za kaseti kwa mkono wa msafiri: upande mmoja habari za ndoa na misiba, upande wa pili bibi akilalamika kuwa kanda inaisha. Bara na pwani, Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na kipindi chake cha Ugua Pole, na wagonjwa waliolazwa walijua kuwa huko nje bado wanatajwa. Sisi tumeongeza sura tu. Na hata sura ilikuwa na mpaka wake: kwa miaka mingi WhatsApp haikupitisha video inayozidi megabaiti 16, kwa hiyo msemaji mrefu alikatwa katikati ya dua. Nadhani mpaka ule ulitufaa kuliko tulivyokubali.

Lakini kilichonifanya niziheshimu video hizi ni sitara. Shangazi hakuwahi kutoka hata kwenda dukani bila ya mtandio kukaa sawasawa. Sasa fikiria mtu huyo apigwe picha akiwa amekonda, mpira wa kulishia umepitishwa puani, halafu picha irushwe kwenye kundi la familia na maneno "muombeeni", ifike kwa shemeji wa Dubai na kwa mke wa binamu ambaye hata hajawahi kuonana naye. Wanaofanya hivyo hawana nia mbaya. Wanaogopa, na mwenye hofu hutafuta wa kuogopa naye. Hata hivyo nalisema wazi: ni kumvua nguo mtu asiyeweza kuizuia. Simu ya video nayo ina ubaya huo kwa kiasi, maana kamera yake hutazama pande zote mbili. Video iliyorekodiwa hutazama upande mmoja. Yeye anatuona, sisi hatumwoni. Anaweza kulia, kusinzia, kututazama akiwa kichwa wazi, au kuashiria kwa kidole kwamba tumemchosha, na hakuna atakayejua ila aliye kando yake.

Huyo aliye kando yake ni binti yake, binamu yangu ninayemwita dada. Ndiye aliyeshika simu. Alijua saa ambayo dawa ya maumivu imekolea, akamwinulia mto, akaweka kioo kwa umbali ambao macho ya mzee yanafika. Kwake tulipata habari za mtazamaji wetu. Hotuba zetu za kwanza, zilizojaa subira na rehema, hazikupendwa, zilinuka matanga. Iliyopendwa ni ile niliyoirekodi ovyo katika soko la Kirkgate, nikilalamikia bei ya mihogo iliyopakwa nta na kuuliza kama kweli huo ni muhogo au ni mshumaa. "Kaka, ile ya mihogo anaitaka tena," aliniandikia. Basi nikaacha kuaga. Nikawa nampelekea barafu iliyoganda kwenye kioo cha gari, watoto wakigombania rimoti kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiingereza cha Yorkshire, chapati yangu yenye umbo la ramani. Kila video nilianza na shikamoo, nikanyamaza kidogo, kama kumpa nafasi ya marahaba yake.

Siku za mwisho hakufumbua macho. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walichapisha matokeo ya kupima umeme wa ubongo wa wagonjwa waliokuwa wakikata roho: baadhi yao, ingawa hawakujitambua tena, ubongo wao uliendelea kuitikia sauti. Kama walielewa walichosikia, watafiti hawakuweza kusema. Wazee wetu waliamini bila ya mashine yoyote kwamba anayekata roho bado anasikia. Ndiyo maana humsomea Yasini anayekata roho na kumlakinia shahada sikioni. Dada akageuza kioo chini, akaacha sauti peke yake. Wakati huo nilirekodi neno moja ambalo halikuwa la sokoni: nilimwomba radhi. Mtu wa pwani hamwachi mkubwa wake aende bila ya hilo, na hapa ndipo video ilipopungukiwa. Radhi huombwa ili itolewe. Ilibidi dada anijibie kwa niaba yake, nami nikaipokea.

Tumezika. Katika simu ya marehemu zimejaa sura zetu, zinacheka, zinalalamika, zinauliza bei. Sauti yake mwenyewe, ya enzi zile za nyumba ya tatu, hatunayo hata ya dakika moja; alipokuwa mzima hakuna aliyeona haja ya kuirekodi.

Wewe mwenye mgonjwa wa mbali, rekodi leo, fupi, ya mambo ya kawaida. Na kabla ya kutuma, mnunulie bando anayeshika simu, umuulize na yeye kama amekula.