Nchi Iliyo Mteremko: Kutoka Usawa wa Bahari hadi Timboroa



Kila mlima wa Kenya, kila mji na kila bonde, hupimwa kuanzia mlangoni petu. Mtu akisema kwamba Nairobi iko juu mita 1,700, maana yake ni juu ya usawa wa bahari, nayo bahari ni hii tunayoisikia usiku ikipiga kuta za Mji wa Kale, Lamu na Vanga. Sisi watu wa pwani tumekaa penye sifuri ya kipimo hicho. Si ajabu basi kwamba wengi wetu huiona nchi kama ramani iliyotandazwa mezani, yenye mapana na marefu lakini isiyo na kimo. Wasomaji wetu watukufu, leo twapenda kuirudishia ramani hiyo kimo chake. Kimo ndicho kiamuacho ni nguo gani mama atamtilia mwanawe sandukuni, mbaazi zitakaa jikoni muda gani, na iwapo mfereji wa nyumba ya Mombasa utatoa maji au utatoa upepo.

Lugha yenyewe inalijua jambo hili. Mkaazi wa Nairobi ajaye kwetu husema anashuka Mombasa. Hasemi hivyo kwa kutudharau, bali husema kweli tupu, kwa kuwa ameacha mita 1,700 nyuma yake na anateremka mpaka penye maji ya chumvi. Naye anayekwenda kwao, hata akiwa amekaa kitini na kufumba macho, huwa anapanda mlima.

Tumeifuata njia hiyo mara nyingi, na kila mara twaona jinsi mlima huo ulivyo mpole. Reli ya kwanza ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Reli mpya ya SGR, iliyofunguliwa mwaka 2017, huondoka Miritini na kufuata takriban mkondo ule ule. Kufikia Mariakani minazi imeanza kuadimika. Kisha huja nyika ya Taru, nchi ya miba na udongo mwekundu, ambayo misafara ya zamani iliiogopa kwa kiu. Pale Mackinnon Road, ukingoni mwa reli kongwe, upo msikiti ambao wasafiri wa barabara hii huujua vyema, na wengi husimama hapo kuswali na kupumzika. Ukifika Voi umekwisha kupanda karibu mita 600, na hakuna abiria aliyehisi lolote. Upande wa kushoto unainuka Milima ya Taita, ambako kilele cha Vuria kinapita mita 2,200, na huko juu watu hulima kabeji na kuvaa masweta ilhali jirani zao wa chini wanatafuta kivuli.

Kutoka Voi mpaka Nairobi ardhi huendelea kuinuka kidogo kidogo. Jina la Nairobi limetokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi, na jina hilo halikukosea. Kwa kawaida hewa hupoa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda. Ndiyo sababu mtoto aliyetoka Mombasa mwezi wa Julai akiwa na fulana moja huanza kutetemeka anaposhuka kwenye gari la moshi jioni. Mwezi huo Nairobi haina jua la kutegemea, na usiku wake huhitaji blanketi mbili.

Lakini Nairobi si kilele cha safari. Ukiendelea kupitia Limuru, palipo na mashamba ya chai na ukungu wa asubuhi, unapita mita 2,200. Kisha, bila ya onyo, ardhi inakatika. Hapo ndipo ukingo wa Bonde la Ufa, na barabara ya Mai Mahiu huteremka ubavuni mwake kama uzi. Naivasha chini yake iko karibu mita 1,900, na Nakuru mita 1,850. Bonde hilo hilo likifuatwa kusini hufika Ziwa Magadi, lililo karibu mita 600 tu, na likifuatwa kaskazini hufika Ziwa Turkana, lisilotimia hata mita 400. Ndiyo maana mtu wa Naivasha hulala na blanketi, na mtu wa Magadi, aliye katika bonde moja naye, hulala nje akitafuta upepo.

Upande wa pili wa bonde nchi hupanda tena, na kufika juu kuliko kwingine kote njiani. Reli ya kuelekea Uganda kwa njia ya Eldoret hupita Timboroa, juu ya mita 2,700. Eldoret iko mita 2,100 na Iten mita 2,400. Wakimbiaji wanaojulikana duniani kote hufanya mazoezi huko kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi, na mwili uliokaa katika hewa hiyo huongeza chembe nyekundu za damu ili uweze kubeba pumzi ya kutosha. Baada ya hapo nchi hushuka kwa kishindo mpaka Kisumu, mita 1,130. Wageni husema Kisumu inafanana na Mombasa kwa joto na kwa mbu, nao hawasemi uongo. Hata hivyo, mtu aliyesimama ufukweni mwa ziwa lile yuko juu zaidi ya mara mbili kuliko kilele cha Shimba Hills yetu. Na juu ya yote hayo umesimama Mlima Kenya, mita 5,199, wenye barafu karibu kabisa na mstari wa Ikweta.

Sasa tuingie jikoni, kwani dada zetu wengi wameolewa bara, na malalamiko yao twayajua. Mbaazi ambazo kwa mama Mombasa huiva baada ya saa moja na nusu, Eldoret zaweza kukaa motoni mpaka makaa yakamalizika. Kosa si la mbaazi wala la mpishi. Hewa ya juu hukandamiza maji kwa uzito mdogo, kwa hivyo maji huchemka mapema, kabla hayajapata moto wa kutosha. Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100. Nairobi ni kama 94 au 95. Na Timboroa ni kama 91. Kuongeza kuni hakusaidii, maana maji yaliyokwisha kuchemka hayazidi moto, bali hukauka tu. Dawa yake ni kuroweka mbaazi, pojo na maharagwe usiku kucha, kufunika sufuria vizuri, na kwa mwenye uwezo kutumia sufuria ya presha, ambayo huwarudishia maji ule uzito waliokosa. Vilevile maji ya kunywa: wataalamu wa afya hushauri yaachwe yatokote dakika 1, na kwa anayeishi juu ya mita 2,000, dakika 3.

Jambo la pili ni afya ya watoto, na hili twaomba lisomwe kwa makini. Familia nyingi za pwani hupeleka watoto shule za bweni zilizoko nyanda za juu. Mzazi huuliza habari za karo, mitihani na swala, na ni maswali mazuri, lakini ni wachache wanaouliza shule ile iko mita ngapi. Kwa mtoto mwenye ugonjwa wa seli mundu, ambao haukosekani katika jamaa zetu, swali hilo ni kubwa. Baridi, upungufu wa maji mwilini na hewa nyepesi ni miongoni mwa mambo yanayoweza kumletea maumivu makali. Mtoto wa namna hiyo asipelekwe Eldoret wala Nyahururu kabla ya daktari wake kushauriwa, na akienda, walimu wake wajulishwe hali yake wazi wazi, bila ya kuona haya.

Upo pia mtego unaokuja kwa njia ya kurudi. Mtoto anayekulia pwani huumwa na mbu mara kwa mara, na mwili wake hujifunza kwa kiasi fulani kupambana na malaria. Akikaa miaka miwili au mitatu katika baridi ya juu, ambako mbu wa malaria ni wachache, mwili husahau. Anaporudi nyumbani likizo ya Desemba huwa ni kama mgeni. Bibi humwona ni mjukuu wake aliyezaliwa hapa hapa, akamlaza bila ya chandarua, na akipata homa husema ni uchovu wa safari. Tusifanye hivyo. Mtoto aliyeshuka kutoka bara alale ndani ya chandarua tangu usiku wa kwanza, na akipata homa apimwe damu siku hiyo hiyo.

Tumebakisha jambo la tatu, nalo ni maji. Kimo cha nchi si habari ya wasafiri peke yao, kwani hutufikia hata sisi tusiotoka nyumbani. Mvua inayonyesha juu ya Milima ya Chyulu hainywewi na mito. Hupenya katika mawe ya volkano, ikasafiri chini ya ardhi, na kuchomoza mbali na hapo, pale Mzima katika mbuga ya Tsavo Magharibi, ikiwa safi kama machozi. Katika miaka ya 1950 ulilazwa mfereji mkuu kutoka Mzima hadi Mombasa, takriban kilomita 220. Maji yake huja kwa kuteremka tu. Mwinuko wa nchi ndio unaoyasukuma. Mama anayejaza ndoo Mvita au Changamwe kwa maji ya Mzima anapokea zawadi ya kimo. Na maji hayo yakikatika, mkokoteni wa mitungi ukapita mtaani kwa bei ya kupanda, hapo pia kimo kimetugusa mfukoni.

Maji mengine huja kwa njia ya mito. Mto Athi huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi, ukapokea maji ya Mto Nairobi pamoja na kila kilichotupwa ndani yake, ukaungana na Mto Tsavo ukaitwa Galana, kisha ukafika kwetu kwa jina la Sabaki na kuingia baharini kaskazini ya Malindi. Wakati wa mvua bahari ya Malindi hugeuka rangi ya udongo. Udongo ule ni shamba la mtu fulani wa juu, lililokatwa miti likaachwa wazi kwa mvua. Mto Tana nao hutoka Mlima Kenya na Nyandarua, ukapita katika mabwawa ya Masinga hadi Kiambere ambako mteremko wake hugeuzwa umeme, kisha hupita Garissa, Hola na Garsen mpaka Kipini. Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023 na yale ya mwaka 2024 yaliwatoa ndugu zetu wa Tana River majumbani, na sehemu kubwa ya maji yale yalikuwa ni mvua iliyonyesha mbali nao, juu.

Wanazuoni wa sheria yetu walilishughulikia jambo hili zamani. Madina ni mji wenye mabonde yanayopitisha maji ya mvua kutoka nchi ya mawe iliyo juu yake, na wenye mashamba waligombania maji hayo. Mtume, rehema na amani zimshukie, alihukumu kwamba aliye juu amwagilie kwanza, kisha ayaachie maji yaende kwa jirani yake wa chini. Tazama uadilifu wa hukumu hiyo: wa juu hakunyimwa nafasi aliyopewa na ardhi, wala hakuachiwa aigeuze nafasi hiyo kuwa dhulma. Kuwa juu kukafanywa ni amana.

Kwa hivyo msitu wa Mlima Kenya, wa Nyandarua au wa Taita unapokatwa, tusiseme hayo ni mambo ya bara. Tuna haki ndani yake, na tunapaswa kuidai kwa wale tuliowachagua kutuwakilisha, kwa adabu na kwa kuendelea bila kuchoka. Lakini hukumu ya Madina inatushika na sisi pia. Kila mtu yuko juu ya mwingine. Mwenye shamba Kwale yuko juu ya Tiwi na Diani. Mwenye nyumba Mombasa yuko juu ya bahari, na mfuko wa taka anaoutupa mtaroni kabla ya mvua ya masika hautapanda kwenda Nairobi. Utateremka mpaka penye samaki wanaoliwa na watoto wake.

Mtoto akiuliza nyumbani wiki hii kwa nini Nairobi kuna baridi, ajibiwe kwa upana. Aonyeshwe kwenye ramani njia ya maji kutoka mlimani mpaka kwenye ndoo ya jikoni, ajue ni nani aliye juu yake na ni nani aliye chini yake, na kila mmoja ana haki gani juu ya mwenziwe.

Wabillahi tawfiq.