Kinaya si cha mtihani pekee

Mpenzi msomaji, kama nyumbani kwako kuna mtoto wa sekondari, bila shaka umemsikia akikariri istilahi za tamthilia kama kasuku. Jioni moja mpwa wangu, aliye kidato cha tatu, alikuwa akizunguka sebuleni, daftari mkononi. "Tanzia ni mchezo unaoishia kwa maafa. Uzungumzi nafsia ni mhusika kusema peke yake jukwaani. Kinaya cha kidrama..." Hapo akakwama.

"Hadhira inajua jambo ambalo mhusika mwenyewe halijui," nikamdokezea.

"Hilo nimeliandika, Mjomba, lakini haliniingii."

Nikamsimulia tamthilia ya Sophocles, Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, ambayo Samuel Mushi aliitafsiri kwa jina la *Mfalme Edipode* mwaka wa 1971. Tauni imeuvamia mji. Mfalme anaapa mbele ya raia kumsaka aliyemuua mfalme aliyemtangulia, amfukuze nchini. Watazamaji wa Athens walikuwa wakikijua kisa hicho tangu zamani: muuaji ni yeye mwenyewe. Kadiri anavyoapa ndivyo anavyojitia kitanzi.

Binti akanyamaza. Kisha akasema polepole, "Kama Babu na mbegu za mahindi."

Msomaji, nilikosa la kujibu. Baba yangu alipougua, daktari alituambia sisi watoto kwamba hangemaliza mwaka. Tukakubaliana kumficha. Siku aliyorudi kutoka hospitalini, alimtuma mjukuu wake dukani akamnunulie mbegu za kupanda mvua ya masika. Tulitazamana, tukaitikia, hata tukabishana kuhusu mbegu ipi ni bora. Kulikuwa na ndugu yake ambaye hawakuwa wakisemezana kwa miaka mingi. Baba alisema atamwendea wapatane, mavuno yakishaingia ghalani.

Alifariki kabla ya mvua kunyesha. Ndugu yake alikuja mazishini, akasimama kando ya kaburi bila kusema neno.

"Mbona hamkumwambia?" mpwa wangu akauliza.

"Tulidhani tunampunguzia uchungu."

Katika ukumbi wa michezo, mtazamaji hana ruhusa ya kupanda jukwaani amnong'onezee Edipode. Sisi tulikuwa nayo, tukabaki vitini. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Je, msomaji, kuna nani nyumbani kwako unayemtazama tu kama hadhira, ilhali ungeweza kuketi naye ukamwambia?