Mama Aliyefiwa

Mpenzi mwanafunzi, kitenzi "kufa" ulikijua mapema. Leo kitazame "kufiwa". Humu mtendewa si maiti, bali ni yule aliyebaki hai.

Mfikirie mama wa Kitanzania wa mwaka 1978. Oktoba ile majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, wakaitwa vitani askari na hata mgambo wa vijijini. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Waliorudi walipokewa kwa shangwe. Baadhi ya waliouawa wamelala Kaboya, wilayani Muleba, pengine safari ya siku kadhaa kutoka kwao. Mama aliyeletewa habari tu, asiyeuona mwili wala kutia udongo kaburini, angeanua matanga lini?

Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, Rais huweka mkuki na ngao mnarani, naye Mkuu wa Majeshi huweka sime. Ni heshima iliyo haki yao, wala siibezi. Lakini hizo ni silaha, yaani mali ya askari. Nami kila mwaka hujiuliza mama angewekewa nini: kanga, au kinu alichotwangia chakula cha mwanawe?

Na ng'ambo ya mpaka, msomaji wangu wa Uganda, yupo mama wa askari wa Amin. Simulizi zetu za ushindi hazimtaji. Mtungie sentensi moja, ukitumia kitenzi cha leo.