Durban: Gari la Watoto Watatu na Sufuria Mbili

Ukisimama jioni upande wa Point, kwenye mlango wa bandari ya Durban, utaziona meli za magari zikiingia taratibu, ndefu, zimezibwa pande zote kama maboksi ya viatu. Tumboni mwake kuna magari ya Kijapani yaliyotumika, na ukibahatika kupita karibu na yadi yanakohifadhiwa utadhani uko Dar es Salaam au Mombasa: Noah, Wish, Probox, Sienta, zimepangwa kioo kwa kioo. Kwa mtu aliyekulia Arusha, ambako Noah imebeba abiria, vitanda, mbuzi na maharusi, ni kama kukutana na ndugu ugenini.

Kwa bahati mbaya ndugu huyo yuko safarini. Afrika Kusini hairuhusu magari yaliyotumika kuingizwa nchini kwa biashara. Inalinda viwanda vyake. Magari hayo yanapita tu, yanakwenda Zambia, Zimbabwe, Lesotho, Msumbiji, hata Kongo. Anayehamia na ukaazi wa kudumu anaweza kuomba kibali cha kuleta gari lake mwenyewe alilokuwa akilimiliki huko alikotoka, lakini sisi wengine tunaofika na begi moja na karatasi za chuo hatumo.

Nayasema haya kwa sababu mwaka tuliokuwa tunamtarajia mtoto wa tatu, nilikaribia sana kununua Noah ya magendo.

Tulikuwa na Corolla. Gari zuri, halinung'uniki, linapanda vilima vya Glenwood bila kulalamika. Nyuma tulikuwa na viti viwili vya watoto, cha wa miaka mitano na cha wa miaka miwili, na katikati palibaki nafasi ya kuweka mkoba. Mama watoto anapika kwa oda: pilau na biriani za harusi, maulidi, misiba, mahafali ya wanafunzi wetu wa Howard College. Wateja wake wengine wako Chatsworth, katika familia zinazoitwa Wazanzibari hadi leo, wajukuu wa watu waliokombolewa utumwani na kuletwa Durban kutoka Zanzibar kuanzia mwaka 1873. Lugha ya wazee wao ilikuwa Kimakua zaidi kuliko Kiswahili, lakini pilau haihitaji mkalimani. Basi kila Jumamosi buti ya Corolla ilibeba sufuria moja kubwa, na ya pili ilikaa kiti cha mbele kama bibi harusi, imefungwa mkanda. Mimi nikiendesha, yeye na watoto wakifuata kwa teksi.

Hapo ndipo penye tatizo lenyewe. Sheria ya hapa, tangu Mei 2015, inataka mtoto wa chini ya miaka 3 akae kwenye kiti chake maalumu ndani ya gari. Mabasi madogo ya abiria yamesamehewa. Kwa hiyo mtoto wangu alikuwa salama kisheria ndani ya Corolla, na ndani ya teksi alikuwa salama kwa dua ya mama yake. Mtu akishalitafakari hilo mara moja, usingizi unapungua.

Jamaa mmoja akaniambia ana Noah, ina namba za nchi jirani, nusu ya bei ya yadi. "Kaka, wengi wanaendesha hivyo, kila baada ya muda unaipeleka mpakani unagonga mhuri." Niliiona. Milango ya kuvuta pembeni, safu tatu za viti, bado ina stika ya Kijapani kwenye kioo. Nilikaa kwenye usukani nikasikia harufu ya nyumbani. Nilichokosa ni usingizi. Gari la namna hiyo huwezi kulisajili hapa kwa jina lako, bima itakugeuka siku ya ajali, na watu wa forodha wakilikamata wanalichukua zima, pamoja na akiba yako ya miaka mitatu. Mama watoto alisema neno moja tu: "Na viti vya watoto utavibeba mkononi?" Nikarudisha ufunguo.

Tukaenda Umgeni Road, ambako yadi za magari zimejipanga, na tulikwenda na mizigo yetu: viti viwili, kiti cha kichanga tulichopewa na jirani Mkongo, futikamba ya fundi cherehani na sufuria kubwa. Muuzaji wa kwanza alicheka hadi akainama. Wa pili akaanza kutusaidia kupima. Nakushauri, ndugu msomaji, usione haya. Karatasi ya gari inakwambia siti saba. Haikwambii kama sufuria ya sentimita 60 inapita mlangoni.

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba viti vitatu vya watoto katika safu moja ni ndoto kwenye magari mengi ya kawaida. Vishikizo vya Isofix kwa kawaida viko pembeni tu, na kiti cha katikati ni chembamba. Ukibana cha tatu, huwezi tena kuufikia mkanda wake. Na kiti cha kichanga kinachoangalia nyuma kinakula nafasi ya abiria wa mbele. Tulipokifunga kwenye gari moja dogo, magoti ya mama watoto yaligusa dashibodi, naye alikuwa mjamzito wa miezi saba.

Suzuki Ertiga, na pacha wake Toyota Rumion aliyeingia sokoni hapa mwaka 2021, ni gari lilelile kutoka India lenye nembo mbili. Bei yake inavumilika, mafuta halinywi sana, na familia nyingi za hapa zinalitumia. Kwa watoto watatu linafaa. Lakini safu ya tatu ikisimama, buti inabaki upana wa mkate. Ukiilaza, sufuria zinaingia na mtoto mmoja anakosa kiti. Avanza ya zamani ni hadithi hiyohiyo. Kama huna biashara ya mizigo, ishia hapo, hutajuta.

Nikaifikiria Hilux ya milango minne, maana inatengenezwa hapahapa Prospecton, kusini mwa jiji, pamoja na Fortuner na Corolla Cross. Lakini bodi yake iko wazi, na pilau ya watu 100 haiwezi kusafiri chini ya mvua ya Durban. Halafu kule ndani bado ni safu moja ya nyuma, viti vitatu vilevile vinavyogombana.

Kutaja Prospecton kunanikumbusha jambo ambalo mnunuzi wa hapa asilisahau. Mafuriko ya Aprili 2022 yaliua watu zaidi ya 400 katika jimbo hili na kukizamisha kiwanda hicho cha Toyota. Magari mengi ya watu binafsi yalilowa pia. Ukikagua gari, vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake uone kama una mstari wa matope. Inua zulia, nusa. Tazama reli za viti, maana kutu ya hapo haikuletwa na bahari. Kutu ya bahari iko chini ya gari na kwenye kingo za milango, nayo Durban ni ya kawaida. Fundi atakwambia ipi ya kusamehe.

Kilichotuamulia kabisa hakikutokea yadi. Rafiki alituazima gari lake la siti saba siku ya oda Pinetown. Tukashuka Field's Hill kwenye M13, mteremko ule mkali ambao malori makubwa yalipigwa marufuku baada ya ajali ya mwaka 2013 iliyoua watu 24. Mbele yangu mtu akakanyaga breki, nami nikakanyaga. Sufuria tupu ikatoka nyuma ikapiga mgongo wa kiti cha mwanangu mkubwa. Kiti kilizuia. Yeye alicheka, akidhani ni mchezo. Mimi nilisimama kando ya barabara dakika kumi nikiwa siwezi kushika usukani. Kwenye Corolla mzigo umefungiwa kwenye buti. Kwenye gari la aina hii hakuna ukuta, kuna migongo ya watoto tu. Tangu siku hiyo swali halikuwa tena "inaingia?" bali "itafungwa wapi?"

Tulichonunua ni Hyundai H1, iliyotumika, ya dizeli, siti tisa. Si gari la kujivunia. Ni ndefu zaidi ya mita 5, na kugeuza kwenye barabara zetu nyembamba kunahitaji subira. Lakini milango yake inavutwa pembeni, pande zote mbili, kwa hiyo unamfunga mtoto bila kugonga gari la jirani. Watoto wakubwa wanakaa safu ya pili, kichanga safu ya tatu na mama yake ubavuni, na nyuma yao bado kuna shimo refu la kumeza sufuria zote mbili na majiko. Viti vya watoto tunavifunga kwa mkanda wa gari, tukivikandamiza kwa goti hadi visitikisike. Sufuria zinafungwa kwa kamba za lori, zimeegemea mgongo wa siti ya nyuma, na hakuna kinachopangwa juu kupita siti hiyo. Ikiwa mzigo ni mkubwa zaidi ya hapo, nakwenda safari mbili.

Usajili ulichukua muda. Mgeni asiye na kitambulisho cha Afrika Kusini anaomba kwanza namba ya usajili wa barabarani, na gari lenyewe linahitaji cheti cha ubora kabla ya kubadilisha jina. Anza hilo mapema, kabla hata hujachagua gari, maana muuzaji hatakusubiri.

Mtoto alizaliwa wiki tatu baadaye. Siku ya kumrudisha nyumbani nilifika hospitalini nikiwa nimeosha gari, viti vimekaa sawa, kila kitu tayari, nikakuta kwenye lango la maegesho ya chini kibao kinachosema mwisho wa urefu ni mita 1.9. H1 ni ndefu kidogo kuliko hapo. Nikarudi kinyumenyume na foleni ya magari nyuma yangu ikipiga honi, nikaegesha mtaa wa pili, na mama watoto akatembea hadi huko pole pole akicheka, kichanga begani.