Pwani Gani kwa Watoto wa Baba Mudogo?



Karibu kila nyumba ya hapa bondeni ina mtu wake wa ng'ambo. Mmoja yuko Norwe, mwingine Kanada, mwingine Marekani. Siku moja mtu huyo anapiga simu na kusema: "Mwaka huu tunakuja na watoto. Mutuchagulie mahali pazuri kando ya maji." Wazee wanafurahi, wanacheka, kisha wanaangaliana. Mahali gani? Kazi hiyo iliingia nyumbani kwetu mwaka wa 2024. Wenzetu wa mwaka wa mwisho wametuomba tuandike namna tulivyoifanya, maana wengi wao nao wanangoja simu kama hiyo.

Baba mudogo aliondoka Lubarika mwaka wa 1996 akiwa na miaka 12, wakati wa vita. Alikimbia pamoja na nyanya wetu. Walipita Burundi, wakafika Kigoma, wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Nyanya alirudi mwaka wa 2006 kwa meli ya wakimbizi mpaka Baraka. Baba mudogo alibaki, akaoa, na baadaye alipata nafasi ya kwenda Marekani, mtoto wake wa kwanza angali mgongoni. Leo ana watoto watatu. Wakati ule walikuwa na miaka 17, 15 na 13. Nyanya alikuwa hajamuona hata mmoja, isipokuwa ndani ya simu.

Alikuwa ameweka pesa kidogo kidogo kwa miaka mitano, nazo zilitosha safari moja tu. Ndiyo sababu uchaguzi ulikuwa mzito. Wakubwa walituita, sisi vijana watatu wa nyumba, wakasema: "Ninyi munalingana umri na wale watoto. Muchunguze, kisha mutuletee majibu."

Tuliwaandikia watoto wenyewe kwanza. Wa kwanza alijibu kwamba anacheza mpira wa kikapu na anapenda kupanda milima. Binti anakimbia mbio ndefu. Wa mwisho hatoki majini, ni kama bata. Wote watatu walituambia neno moja: hawataki kulazwa muchangani kutwa nzima kama ndagala wanaoanikwa. Basi tukajua kwamba uzuri wa picha hautoshi. Inafaa tutafute pwani yenye kazi ya miguu na mikono.

Tulianzia kwetu. Nani asingependa wageni wake waoge Uvira, ama Baraka? Lakini mwezi wa tano 2024 ziwa lilikuwa limepanda sana. Maji yaliingia ndani ya nyumba za watu kule Kavimvira, na barabara ya kwenda Gatumba ilifunikwa. Pwani tuliyoizoea ilikuwa chini ya maji. Tena maji yakiingia vyooni na visimani, kipindupindu hakiko mbali, na Uvira inakijua kipindupindu tangu zamani. Juu ya hayo, njia ya bonde haikuwa na usalama wa kuwaita watoto wageni. Tuliandika "hapana" kwa uchungu, maana tulijua kwamba kwa neno hilo wale watoto hawataiona Lubarika.

Baba mudogo mwenyewe alitaka Zanzibar. Tuliichunguza vizuri, na hatuwezi kuisema vibaya. Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka wa 2000. Katika msitu wa Jozani kuna kima punju, ambao hawapatikani mahali pengine popote isipokuwa visiwa hivyo. Kwa vijana wenye nguvu kuna michezo ya upepo na mawimbi kule Paje. Lakini anayechagua bahari inafaa ajue jambo moja ambalo sisi wa ziwa hatulizoei: maji ya bahari yanakupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Upande wa mashariki, Paje na Jambiani, yakikupwa yanakwenda mbali sana, na mtu aliyekuja kuogelea anakuta anatembea juu ya mchanga na majani ya bahari. Upande wa kaskazini, Nungwi, mtu anaweza kuogelea karibu saa zote. Mwenye watoto wa kuogelea achague kijiji kwa kufuata maji.

Tuliangalia na Mombasa. Kuna Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593. Upande wa kusini kuna Diani, ambapo mwamba wa matumbawe unavunja mawimbi makubwa kabla hayajafika ufukoni, hata kijana asiye hodari anaweza kujifunza kuogelea. Tangu mwaka wa 2017 kuna treni mpya kutoka Nairobi. Kwa familia inayotoka ng'ambo na kurudi ng'ambo, Diani ni chaguo zuri kabisa.

Tulipeleka karatasi yetu kwa nyanya. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na mimi munaniweka wapi ku hiyo karatasi?"

Tulinyamaza. Akaendelea: "Mimi sitaki ndege. Magoti yangu yamechoka. Kama munataka nione bajukuu, muwalete mahali naweza kufika."

Hapo tukaona kwamba tulikuwa tunapima maji na michanga, na kipimo cha kwanza hakijawekwa. Kutoka Lubarika, nyanya anaweza kufika wapi kwa gari, akilala njiani usiku mmoja? Tulihesabu: Uvira, Bujumbura, Rumonge, Nyanza-Lac, mpaka wa Mugina na Manyovu, kisha Kigoma. Ziwa ni lile lile letu, upande wa pili. Pwani nzuri, milima, maji safi. Tukafurahi, tukapiga simu Marekani.

Baba mudogo alikataa. Alisema: "Kigoma? Pale nililala chini na njaa. Siwezi kulipa pesa ya miaka mitano ili watoto wangu walale pale nililala mimi."

Neno hilo lilitushinda. Kijana hawezi kumjibu mzazi kuhusu njaa ambayo yeye hakuionja. Tulimpa nyanya simu. Hakubishana naye. Alimwambia tu: "Mwanangu, hata mimi nililala pale. Mimi niko tayari kurudi. Nitakungoja huko." Ikapita juma nzima bila jibu. Kisha ukaja ujumbe mfupi: amepata tiketi, Dar es Salaam mpaka Kigoma, mwezi wa saba.

Sasa tueleze Kigoma ilitupa nini, ili msomaji apime mwenyewe.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa 673 na kina cha metre 1,470. Duniani ni Baikal tu, kule Urusi, linalolipita kwa kina. Karibu na mawe ya Kigoma maji yanashuka ghafla na yanaonekana mpaka chini. Huko Jakobsen Beach, mtu akivaa miwani ya maji na kuinamisha uso, anaona samaki wadogo wa mistari na rangi, wengi wao hawapatikani katika maji mengine ya dunia. Yule wa miaka 13 alikaa majini mpaka midomo ikatetemeka. Alituambia kwamba huko kwao watu wanawafuga samaki hawa katika masanduku ya kioo sebuleni, na hakujua kwamba wanatoka katika ziwa la nyanya yake. Sisi tumezaliwa karibu na ziwa hilo, na hatukuwa tumewaangalia hivyo hata mara moja.

Siku ya tatu tulienda Gombe. Hakuna barabara ya gari. Mtu anapanda boti tu. Pesa za kuingia si kidogo, na mgeni wa nje analipa zaidi, kwa hiyo tulikwenda watano tu. Ni hapo Jane Goodall, aliyefariki mwezi wa kumi 2025, alianza kuwachunguza sokwe mwaka wa 1960. Sisi huku tunawaita sokomutu. Mlima ni mkali, mizizi inateleza, na anayeongoza hangoji wavivu. Binti wa mbio ndefu alitupita wote. Sisi watoto wa Lubarika, tuliojiona wazoefu wa milima, tulimfuata nyuma tukihema, naye akatuuliza kwa Kiswahili chake kidogo: "Munachoka?" Tulipowaona sokwe, mama mmoja alikuwa anamchambua mtoto wake chawa polepole. Hakuna aliyesema neno kwa muda mrefu.

Siku nyingine tulitembea Ujiji, ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka wa 1871. Kisha wawili hao walipanda mtumbwi mpaka kichwa cha ziwa, karibu na Uvira, wakaona kwamba mto Ruzizi unaingia ziwani, hautoki. Mto huo huo unapita katika bonde letu. Tuliwaambia binamu zetu kwamba Kiswahili wanachokisikia kwa baba yao kilikuja kwa njia hiyo pia: misafara ya Bagamoyo, Tabora, Ujiji, kisha kuvuka ziwa. Yule mkubwa alisema kwamba sasa anaelewa kwa nini watu wa Kigoma wanamwelewa baba yake haraka kuliko sisi tulivyomwelewa yeye.

Si kila kitu kilikuwa tamu. Burundi mafuta ya gari yalikuwa haba, na nyanya alikaa ndani ya gari masaa mengi tukingoja. Samaki mbichi hatukupata, maana Tanzania ilikuwa imefunga uvuvi katika ziwa kuanzia tarehe 15 ya mwezi wa tano mpaka tarehe 15 ya mwezi wa nane 2024, ili samaki wapate kuzaana. Taa za wavuvi, ambazo usiku zinafanya ziwa kuwa kama mji, hatukuziona. Na mwenye boti mmoja alitaka kutupakia bila makoti ya kuelea. Tulikataa, tukatafuta mwingine. Mwaka wa 2014 boti Mutambala ilizama upande wa Kalemie, wakafa watu zaidi ya 120. Mtu asione haya kukataa boti.

Nyanya hakuogelea wala hakupanda mlima. Kila asubuhi aliketi chini ya mti, na wajukuu wakitoka majini walimkuta hapo na chai. Siku ya mwisho baba mudogo alimchukua mtoto wake wa kwanza, wakaenda wawili bandarini. Hakutuambia walichosema. Jioni yule kijana alikuja akakaa karibu na nyanya, akamwomba amfundishe kuhesabu kwa Kifuliiru. Walifika kumi, wakaanza tena.

Basi, wasomaji, kama simu inalia nyumbani kwenu, tunawashauri haya.

Kwanza, muulize nani hawezi kwenda mbali, na mchague pwani kwa miguu yake. Vijana wanaweza kuruka popote.

Pili, muwaulize vijana wenyewe wanataka kufanya nini siku ya pili na ya tatu. Siku ya kwanza kila pwani ni nzuri.

Tatu, muulize maji yana nini. Bahari ina kupwa na kujaa. Ziwa lina kichocho, hasa kwenye majani na maji yaliyotulia ambapo watu wanaoga na kufua. Mahali pa mawe na maji yanayotembea ni afadhali, lakini si salama kabisa. Mkirudi mpite kwa daktari, dawa ipo. Karibu na midomo ya mito kama Ruzizi kuna mamba na viboko. Mwenyeji akisema "hapa hatuogi", msimwombe sababu.

Nne, mhesabu njia: mipaka, karatasi, mafuta, na siku za kungoja.

Mwezi wa kumi na mbili 2025 vita vilifika mpaka Uvira, na watu wengi wa bonde walivuka tena kuingia Burundi, kwa njia ile ile tuliyopita na nyanya tukienda kuwaona wajukuu wake. Tuliikumbuka sana safari yetu siku hizo. Binamu walituma ujumbe kila siku kuuliza nyanya yuko wapi. Kabla ya Kigoma, wasingejua hata kumuuliza. Wameandika pia kwamba safari ijayo wanaitaka Lubarika yenyewe, na sisi tumewajibu kwamba mlima wa hapa utamtosha hata yule binti wa mbio.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunawatakia vakansi njema, na wenzetu wa mwaka wa mwisho tunawatakia mutihani mwema wa Serikali.