Fumbo la Zawadi

Msomaji mpenzi, kabla hujanihukumu, jibu kwanza fumbo hili. Hamisi anamtazama Zawadi, na Zawadi anamtazama Juma. Hamisi ana ndoa, Juma hana. Je, katika watatu hawa yumo mwenye ndoa anayemtazama asiye na ndoa? Chagua: ndiyo, siyo, au haiwezi kujulikana.

Fumbo hili lililetwa darasani mwangu na mwanafunzi mmoja, likazua ubishi mkubwa, nami nikaombwa niwe mwamuzi. Karibu wote walisema haiwezi kujulikana, maana habari za Zawadi hatukupewa. Msichana mmoja tu, aketiye nyuma, alisema, "Ndiyo." Wenzake walimcheka. Naona haya kukiri kwamba mimi pia nilicheka, nikaamua kwamba wengi wameshinda.

Wakati wa mapumziko alinijia kwa adabu. "Samahani, mwalimu. Zawadi ana ndoa au hana?"

"Sijui," nikamjibu.

"Nami sijui, lakini hapana la tatu."

Jioni ile nilitwaa karatasi nikaifuata njia ya mantiki. Tuseme Zawadi ana ndoa: basi yeye, mwenye ndoa, anamtazama Juma asiye nayo. Tuseme hana: basi Hamisi, mwenye ndoa, anamtazama yeye. Njia zote mbili zafika mlango mmoja, nao ni "ndiyo". Je, akiwa mjane au mtalaka ambaye hajaolewa tena? Huyo hana ndoa, kwa hiyo yumo katika fungu la pili. Kanuni hii, kwamba neno ama ni kweli ama si kweli, wala hapana la kati, ilielezwa na Aristotle, Mgriki aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo. Mimi nilifundishwa kanuni hiyo chuo cha ualimu, nikaijibia mtihani. Na siku nilipoihitaji sikuikumbuka.

Kesho yake nilimwita yule msichana mbele, nikampa chaki, nikaketi mahali pake. Alipokwisha kueleza, nilimwomba radhi mbele ya wote. Hapana aliyecheka.

Methali yasema, wengi wape. Wape, msomaji, lakini hoja ipime kwanza. Na ukikuta jambo usilolijua, usikate tamaa upesi ya kulijua jingine lililo kando yake. Hata leo sijui kama Zawadi ana ndoa, na jibu la fumbo nalijua.