Mji Usio na Waenda kwa Miguu



Mimi ni mwalimu wa chuo hapa Janga, Kibaha, na umri wangu umekwisha vuka miaka sitini. Muda mrefu nimewakataza wanafunzi wangu michezo ya televisheni bila ya kuitazama. Kukataza usichokijua si elimu. Basi likizo iliyopita nikamwambia mjukuu wangu, "Haya, nionyeshe."

Akanifungulia Need for Speed: Most Wanted, mchezo wa mbio za magari uliotoka mwaka 2005. Mchezaji huingia katika mji wa kubuni uitwao Rockport, akawakabili madereva 15 mmoja baada ya mmoja, kuanzia wa mwisho mpaka wa kwanza, huku polisi wakimwandama.

Nisiseme uwongo: mchezo ni mtamu. Kona zake zataka jicho kali na mkono mwepesi, na anayeshindwa hurudia mara kumi bila ya kuchoka. Laiti wangerudia hivyo Suratul Mulk! Mimi mwenyewe niliinuka adhana ya Alasiri imekwisha zamani, nikawakuta wenzangu katika rakaa ya tatu. Niliona haya.

Una na udhia wake pia. Hata uendeshe vizuri vipi, aliye nyuma huongezewa mbio na mashine akakufikia, na kosa moja karibu na mwisho lakupotezea kazi yote. Mjukuu wangu alitupa pedi chini kwa hasira. Nikamsimulia habari ya al-Adhbaa, ngamia wa Mtume (S.A.W.), aliyekuwa hapitwi, mpaka siku moja akapitwa na ngamia wa bedui mmoja. Masahaba wakaona uzito, naye Mtume akawafunza kuwa hakuna kinachopanda duniani ila Mwenyezi Mungu hukishusha. Kijana akaiokota pedi yake.

Lakini lililonikaa moyoni si hilo. Nilimwuliza, "Watu wa mji huu wako wapi?" Kwani muda wote ule sikuona mtoto wala mama mwenye ndoo. Akacheka: "Babu, humu hamna waenda kwa miguu." Na gari likigonga ukuta hupata mikwaruzo tu, likaendelea na safari. Tena kuyaharibu magari ya polisi humzidishia mchezaji sifa, na bila ya sifa hizo hapandi daraja.

Na kijana huyu ndiye aliyekuwa ameniomba fedha za kununua pikipiki, afanye kazi ya bodaboda.

Sikumjibu. Siku ya pili tukaketi kando ya njia wakati watoto wanatoka shule, nikamwambia, "Wahesabu wapitao kwa miguu." Haikutimia nusu saa akawa amevuka mia. Mara bodaboda mmoja akapita kwa kasi, na mtoto mwenye mkoba akaruka mtaroni. Mjukuu wangu akaacha kuhesabu.

Mchezo haukumfunza uovu. Umemzoesha barabara tupu. Fedha nitampa, Inshaallah, akisha pata leseni, na kwa sharti kuwa penye makazi ya watu hatazidi kilomita 50 kwa saa, kama sheria itakavyo.

Wazazi wenzangu, msikimbilie kuvunja mashine. Keti na mwanao, tazama anachokitazama, kisha umwulize swali lile: watu wako wapi? Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wetu sisi una watoto wa jirani.

Wallahu aalam.